Kwa nini treni inarudi nyuma kisha inapita tena?

Muulizaji: Ndugu zangu, nimepata mikanda minne ya filamu ya milimita 8 iliyopigwa Marekani, yenye rangi, isiyo na sauti wala maandishi ya mwaka. Katika mmoja wao garimoshi linapita likitoa moshi mweusi mzito, linasimama, linarudi nyuma mpaka linakaribia kutoweka, kisha linapita tena kwa kishindo huku watu wakiwa wamejipanga kando ya reli na kamera zao. Je, huo ulikuwa utaratibu wa kawaida wa safari? Na mwaka nitaujuaje?

Behewa la Mwisho: Hiyo haikuwa safari ya kawaida. Yaelekea ni treni ya matembezi iliyokodiwa na wapenzi wa reli, ambao walishushwa njiani, treni ikarudi nyuma, kisha ikapita mbele yao ili waipige picha. Moshi huo kwa kawaida ulitolewa makusudi. Mchochea moto stadi, katika kazi ya kila siku, aliona aibu kuutoa, kwa kuwa ni makaa yanayopotea bila kuungua vizuri. Tazama pia mbele ya injini: vibendera viwili vyeupe, kwa kanuni za Marekani za wakati huo, vilionyesha treni ya ziada isiyomo katika ratiba.

Mkaguzi: Usikisie mwaka kwa sababu tu injini ni ya mvuke. Kampuni ya reli ya Norfolk and Western ya Marekani iliendelea kutumia injini za mvuke hadi 1960, na treni za matembezi ziliendelea hata baada ya hapo. Kama mkanda umetengenezwa na kampuni ya Kodak, chunguza alama ndogo zilizochapwa ukingoni: duara moja ni 1936, 1956 au 1976, mraba mmoja ni 1937, 1957 au 1977, pembetatu moja ni 1938, 1958 au 1978. Huo ni mwaka wa kutengenezwa mkanda, wala si lazima uwe mwaka wa kupigwa picha.

Muulizaji: Vibendera vipo, na ukingoni kuna pembetatu moja. Nyuma ya umati yameegeshwa magari yenye mapezi marefu kwa nyuma. Ila treni inakimbia kupita kiasi!

Mkaguzi: Mapezi hayo ni mtindo wa magari ya Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo yanaiondoa 1938, na 1978 mtindo huo ulikuwa umekwisha pita. Basi yaelekea mkanda ni wa 1958, na huenda ulipigwa mwaka huo au muda mfupi baadaye.

Behewa la Mwisho: Kuhusu kasi, kamera nyingi za aina hiyo zilipiga fremu (picha moja moja) 16 kwa sekunde, kwa hiyo aliyekunakilishia mkanda kwenye video akichezesha fremu 24, treni huongezewa kasi mara moja na nusu. Mwombe arudie kwa 16, na asithubutu kubandika sauti ya honi ya dizeli badala ya filimbi ya injini ya mvuke, kosa ambalo nimelikuta mara nyingi mno. Mikanda yenyewe inuse kabla ya kuitia kwenye projekta: ikitoa harufu ya siki, plastiki yake imeanza kuoza na kusinyaa, na meno ya projekta yataichana matundu. Hiyo ipelekwe ikanakiliwe fremu kwa fremu, tena mapema.