Naomba ushauri: nimwonyesheje mwanafunzi buibui wa nusu milimita?

Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha baiolojia, na nimempenda mno buibui wa Samoa aitwaye Patu marplesi. Dume lake halifiki hata nusu milimita, punje ya chumvi tu! Makazi yake ni kuvumwani, vile vimea laini vya penye unyevu, kisiwani Upolu. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1959. Hana mapafu, hupumua kwa mirija myembamba.

Samoa hatufiki, lakini kuvumwani imejaa nyuma ya tangi la maji la shule, nataka tusake vijidudu vya kiasi hicho. Je, lenzi ya kubana kwenye simu inatosha, au lazima hadubini? Na nikiikung'utia kwenye sahani nyeupe, nivihamishe kwa kitu gani bila kuviponda? Brashi ya rangi naona ni nene.