Mama utumbo umeziba: nitie sahihi apasuliwe au tungoje?

BintiKisauni: Asalaam alaikum. Mamangu, miaka 58, tumbo lilianza kumsokota juzi, linakata linaachia. Akatapika manjano, kisha kijani. Choo hakuna, hata upepo hautoki. Tuko hospitali ya Makadara, katiwa dripu na mpira wa puani, hali wala hanywi. Picha yaonyesha utumbo mwembamba umeziba. Daktari kauliza kama alishawahi kupasuliwa. Alitolewa kizazi zamani. Asema tungoje kwanza, ikishindikana ni kisu. Ami naye ataka tumrudishe nyumbani anyweshwe sanamaki, ile dawa ya kuharisha, na akandwe tumbo. Nishaurini.

Muuguzi_Mstaafu: Waalaikum salaam mwanangu. Sanamaki hapana, kukandwa hapana! Ukisukuma pahali palipoziba, utumbo waweza kutoboka. Hicho kizazi ndicho daktari alichokuwa akikitafuta. Tumbo likipasuliwa, ndani hubaki nyuzi za makovu, na hata baada ya miaka mingi zaweza kuubana utumbo. Kuziba kwa namna hiyo mara nyingi hufunguka bila kisu: mpira hutoa maji na hewa, utumbo ukapumzika. Hungojewa mpaka kama saa 72, lakini akiangaliwa kila mara. Maumivu yakiwa hayaachii tena, au homa, moyo kwenda mbio, tumbo kuwa gumu, basi huenda damu haifiki utumboni. Hapo ni tieta, chumba cha upasuaji, saa hiyo hiyo.

Baharia254: Kakangu ilikuwa ngiri iliyonasa. Yeye hakungojewa. Kipande kilishakuwa cheusi, wakakikata wakaunga. Sasa anabeba mizigo Kongowea, ingawa tunamkataza.

BintiKisauni: Akipasuliwa atawekewa ule mfuko wa choo wa tumboni? Ndilo linalomtisha kuliko kisu.

Muuguzi_Mstaafu: Si lazima. Pengine watakata zile nyuzi tu. Kipande kikiwa kimekufa hutolewa, ncha mbili zikaungwa. Mfuko huja zaidi utumbo mpana ukihusika au tumbo likiwa limechafuka ndani, na kwa wengi huondolewa baadaye, utumbo ukaungwa tena. Mwulize daktari mbele ya mama, asikie mwenyewe. Na ujue kisu nacho huleta makovu mapya, ndiyo maana hawakikimbilii.

Mke_wa_Likoni: Huyo ami mpelekeni akachangie damu, apate kazi ya kufanya.

BintiKisauni: 😂 Shukran. Mama mwenyewe kasema atatia sahihi, wakiona haja wasitungoje. Midomo imemkauka, naruhusiwa kumpa maji?

Muuguzi_Mstaafu: Kunywa hapana. Lowesha pamba, mpake midomoni.