Picha za nebula kwa sebule ya Kisumu: nichapishe hapa au niagize kutoka nje?

Mkazi wa Milimani, Kisumu

Hamjambo nyote. Mimi na mume wangu tumekusudia kutundika sebuleni picha tatu za nebula, yaani mawingu makubwa ya gesi na vumbi ya anga ya mbali: Nguzo za Uumbaji zilizo ndani ya Nebula ya Tai, Nebula ya Orion, na ile ya Nebula ya Carina iliyopigwa na darubini ya James Webb na kutolewa Julai 2022. Duka moja la Uingereza linaziuza mtandaoni zikiwa na fremu tayari, lakini gharama ya usafirishaji pamoja na ushuru inakaribia bei ya picha zenyewe. Kwa upande mwingine, rafiki amenitumia picha hizohizo kwa WhatsApp, na wachapishaji wa mabango hapa mjini wamesema wanaweza kuzichapa kwa upana wa mita moja kila moja. Dirisha letu kubwa linatazama magharibi, upande wa ziwa, na ukuta ulio wazi ni ule unaolikabili. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, hana pingamizi, ila ameuliza swali lililonishinda: je, rangi hizo ziko huko juu kweli, au zimepakwa na watu?

Mpiga Chapa, Oginga Odinga Street

Dada, usichape picha uliyotumiwa kwa WhatsApp, kwa sababu programu hiyo kwa kawaida huibana picha na kuipunguza mno kabla ya kuituma. Picha inayopendeza kwenye simu itatoka na ukungu ikivutwa hadi mita moja. Wala huna haja ya kununua haki ya kuichapa. Picha za NASA, shirika la anga la Marekani, kwa kawaida hazina hakimiliki, na zile zinazotolewa na shirika la anga la Ulaya, ESA, kwenye tovuti za darubini za Hubble na Webb huruhusiwa kutumiwa na yeyote mradi wenye picha watajwe.

Pakua faili kubwa kabisa iliyopo, ikiwezekana ya aina ya TIFF, ambayo huhifadhi picha bila kupunguza ubora. Picha ya Orion ambayo Hubble iliitoa mwaka 2006 ina pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 18,000 kwa 18,000, na ile ya Carina ina zaidi ya 14,000 kwa upana. Kwa picha ya kutazamwa kutoka kwenye kochi, pikseli 150 kwa kila inchi zinatosha, maana yake mita moja inahitaji takriban 5,900. Anayetaka kuisogelea na kuhesabu nyota anahitaji 300, yaani kama 11,800. Kwa hiyo faili hizo mbili zinatosha bila wasiwasi.

Jambo linalowaponyoka wengi ni weusi. Skrini hutoa mwanga, karatasi haitoi, na nebula iliyokuwa na vumbi lenye tabaka nyingi hugeuka kuwa doa jeusi. Omba kipande cha majaribio cha ukubwa wa A4, kilichokatwa kutoka sehemu yenye giza zaidi, nawe ukitazame ukiwa nyumbani, si chini ya taa za dukani. Uliza pia kama mashine inatumia wino wa pigmenti, yaani wenye chembe za rangi zisizopauka upesi, kwa kuwa mashine za mabango hukusudiwa kwa kazi za kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara.

Section 58, Nakuru

Chukua kanvasi, uachane na kioo. Picha nyeusi nyuma ya kioo, ikikabili dirisha, itakuonyesha pazia lako na sura yako mchana kutwa.

Fundi Fremu, Kibuye

Kuhusu kioo ninakubaliana na ndugu wa Nakuru, ila kanvasi tupu kwa Kisumu siipendekezi. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaovutwa na taa usiku hunasa kwenye nyuzi, na kanvasi isiyopakwa vanishi haifutiki. Ama ipakwe vanishi isiyong'aa, ama uchape kwenye karatasi isiyong'aa iliyobandikwa juu ya ubao mwepesi wa alumini.

La muhimu zaidi ni ukuta wenyewe. Jua la alasiri la hapa kwetu huingia kwenye dirisha la magharibi mwaka mzima, na ukuta huo wa mashariki ndio unaolipokea lote. Hata wino mzuri utapauka. Hamishia picha ukuta wa pembeni, au uwe tayari kufunga pazia kuanzia saa tisa.

Mwalimu wa Fizikia, Kakamega

Ninajibu swali la mama kwa kuwa hao wengine wamelipita. Gesi hizo zipo kweli na zinatoa mwanga kweli, lakini rangi hupangwa na watu kwa utaratibu. Katika picha maarufu ya Nguzo iliyopigwa na Hubble mwaka 1995, mwanga wa salfa ulipewa wekundu, wa haidrojeni kijani, na wa oksijeni buluu, ingawa haidrojeni hiyo kwa hakika hung'aa kwa wekundu; lengo lilikuwa kuzitofautisha gesi. Webb nayo hunasa infraredi, ambayo jicho haliioni kabisa, kisha mawimbi marefu hupewa wekundu na mafupi buluu. Mwambie mama kwamba si uongo, ni tafsiri.

Tena mtoe nje jioni moja ya Januari, anga likiwa safi. Orion hupita karibu na utosi kwetu sisi wa ikweta, na kusini kidogo ya zile nyota tatu za mshipi ataona kiwaa hafifu cha kijivu. Hiyo ndiyo nebula yenyewe, umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi.

Mkazi wa Milimani, Kisumu

Shukrani nyingi. Ukuta wa kusini una nafasi ya mita mbili na nusu tu. Je, picha tatu za mita moja moja nizipunguze?

Fundi Fremu, Kibuye

Usizipunguze, punguza idadi. Picha tatu zenye weusi mwingi zikibanana zitakifanya chumba kuwa kizito, na kila moja itapoteza ukubwa ulioifanya uipende. Weka Carina peke yake, kwa upana wa mita moja na nusu, kwa kuwa ina rangi ya udongo upande wa chini na itakubaliana na fanicha za mbao. Orion ipeleke chumbani. Nguzo zimesimama wima, zinafaa ukuta mwembamba wa ushoroba. Njoo na vipimo vya ukuta pamoja na kile kipande cha A4, tuvione pamoja kabla hujalipa chochote.