Mrejesho: kumbe baharia ni AB!

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kwenye chemshabongo za mafumbo za Kiingereza (zile ambazo kila kidokezo ni fumbo) "sailor", yaani baharia, huwa AB na "flower", yaani ua, huwa jina la mto. Nimepata mwanga.

AB ni ufupisho wa cheo cha baharia, "able seaman". "Flower" nayo husomwa kama kitu kinachotiririka, kutoka "flow" (tiririka), ndiyo maana majibu yanakuwa Po, Dee au Exe. Utamu ulioje!

Ushauri ulionisaidia kuliko yote ni ule wa kutafuta maana ya kawaida ya jibu mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo. Kilichobaki ni mchezo wa herufi. Nikajitungia: "Sailor not at home, roughly (5)", hiyo 5 ikiwa idadi ya herufi za jibu. AB (baharia), kisha OUT ("not at home", hayupo nyumbani), unapata ABOUT, yaani "roughly" (takriban). Nilifurahi mno.

Nimejua pia kwamba Torquemada na Ximenes, watunzi wakubwa wa chemshabongo wa gazeti la Observer la Uingereza, walijipa majina ya wakuu wa mahakama za kidini za Hispania. Yanawafaa kabisa, maana nao walitesa watu kwa mafumbo!

Sasa nahangaika na vidokezo vyenye maneno ya kriketi. Mwenye kuujua mchezo huo anisaidie.