Naomba ushauri: vichekesho vilivyochakaa kwenye filamu

Habari zenu wakuu. Mimi na mwenzangu tunaandika muswada wa filamu fupi ya kuchekesha, na tumekwama. Yeye anang'ang'ania vituko vile vile: mtu kuteleza kwenye ganda la ndizi, kupigwa sehemu za siri, mwanaume kuvaa gauni ili asitambulike, kujamba mbele ya wakwe. Hicho cha mwisho ndicho kinanichosha kuliko vyote, maana kinarudi kila baada ya kurasa chache na hakibadilishi chochote kwenye hadithi.

Hoja yake nayo si ya kupuuzwa. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Lumière, Wafaransa waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa sinema, walionyesha kwenye filamu mtunza bustani akirushiwa maji usoni na mpira wake mwenyewe wa kumwagilia baada ya kijana kuukanyaga na kuuachia, na watu wanaurudia mzaha huo mpaka leo. Kwa hiyo uzee peke yake hauui kichekesho.

Nimejaribu kufuta vyote, hadithi ikapwaya. Nikajaribu kugeuza: jamaa analiona ganda, analikwepa kwa maringo, anatumbukia shimoni. Waliosoma walishajua atatumbukia kabla hajanyanyua mguu!

Sasa naomba kujua: mnatofautishaje kituko kilichokufa kabisa na kile kinachohitaji kupangwa upya tu? Na kama kuteleza lazima kubaki, kuje mara tu ganda linapoonekana, au kucheleweshwe hadi mtazamaji asahau kuwa lipo? Waliowahi kuandika au kuhariri vichekesho, tafadhali nisaidieni.