Naomba ushauri: majarida ya magari aliyoniachia baba

Habari zenu wakuu. Marehemu baba, aliyekuwa fundi magari hapa Tanga, ameniachia sanduku la majarida ya Motor Sport ya Uingereza. Ninalolithamini kuliko yote ni la Juni 1955. Humo mwandishi Denis Jenkinson anasimulia alivyokaa kando ya dereva Stirling Moss kwenye Mercedes-Benz 300 SLR namba 722, mbio za Mille Miglia, Italia. Kona za njia nzima alikuwa ameziandika kwenye karatasi ndefu iliyoviringishwa ndani ya kisanduku cha alumini, akimpa Moss ishara za mkono maana kelele ya injini ilizidi. Karibu maili 1,000 kwa saa 10 na dakika 7! Mwandishi kama huyo sijampata tena.

Sasa pini zimeshika kutu na kurasa zinanuka uvundo, hewa ya bahari hii. Nizing'oe pini? Mifuko ya plastiki inasaidia, au inazidisha ukungu? Na nani amewahi kuskani karatasi kavu hivi bila kuzivunja? Pembeni mwa habari ile kuna alama ya grisi ya kidole gumba cha baba. Hiyo nisingependa ifutike kabisa.