Chatu wangu mpya hali kitu, anajificha tu, nifanyeje?

Mgeni_Ntinda: Habari zenu jamani. Nimeleta chatu nyumbani hapa Kampala, wale wadogo wanaojikunja kama mpira, karatasi za UWA (mamlaka ya wanyamapori Uganda) ninazo. Shida toka aje hali kabisa, nikimwekea panya anageuza kichwa, kutwa yuko chini ya gome la mti, jioni nikimtoa ili anizoee anajikunja na kichwa anaficha ndani. Ni mgonjwa au? Naogopa atanifia.

Wa_Arua: Si mgonjwa ndugu yangu, ana woga. Acha kumtoa! Wiki nzima usimshike, mbadilishie maji basi. Huku kwetu West Nile hawa wapo porini, mchana wanalala kwenye mashimo ya panya na vichuguu, usiku ndo wanatoka, sasa wewe kila jioni unamvuta shimoni atakula saa ngapi? Mwekee sehemu mbili za kujificha, moja upande wa joto nyingine upande wa baridi, na ziwe finyu, anataka kuta zimguse mwili.

mama_nyoka: Mi naongezea suala la joto maana wengi wanalisahau. Nyoka anategemea joto la nje, akiwa baridi hata akila chakula hakisagiki tumboni, anakitapika. Upande mmoja uwe nyuzi 31 hivi, wa pili 26, na Kampala usiku inashuka mpaka kama 17 kwa hiyo usiseme Uganda joto lipo. Nunua kipimajoto, mkono unadanganya. Umeme ukikatika funika boksi na blanketi, acha pa kupitisha hewa, weka na chupa ya maji moto iliyofungwa taulo. Na panya wa nyumbani usimpe tafadhali, watu wanatega sumu mtaani, akila panya mwenye sumu na yeye anaweza kufa. Tafuta wa kufugwa, tena awe ameshauawa, panya hai anamng'ata nyoka vibaya sana.

Mgeni_Ntinda: Asante sana dada, kipimajoto nafuata kesho. Na wiki ikiisha akikataa tena?

Wa_Arua: Mtoe huyo panya, ngoja wiki nyingine ujaribu usiku taa zimezimwa. Mkubwa mwenye afya anakaa hata miezi bila kula. Mpime uzito mara kwa mara, akianza kukonda au ukisikia anapumua kwa mluzi mdomo wazi usingoje, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Akishakula pia mwache siku mbili hivi, usimshike.